Jina la Mwangalizi

Rumonge, Jumapili, 6 Februari 1972

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, na Kulthumu, mke wangu, amesema maneno yaleyale aliyoyasema mwaka jana.

Nimenunua daftari hili kwa sababu lile jingine ni la nyota, na mle sitaki habari za paa. Lile la nyota ni la Bwana Roger, yule bwana shamba Mbelgiji wa michikichi. Alipoondoka mwaka wa Uhuru aliniachia darubini yake, maana mimi ndiye niliyekuwa nikimsafishia vioo. Mimi Uledi ni fundi wa taa za pampu, zile za wavuvi wa usiku, na fundi wa taa anajua kushika kioo bila kukiachia alama ya kidole. Miaka kumi sasa ninampelekea tarakimu za nyota moja kila mwezi, naye huzifikisha kwa wenzake, chama cha watazamaji huko kwao.

Sasa niseme la kweli, maana hapa hasomi mtu. Tangu mwezi wa sita mwaka jana siioni hiyo nyota. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ninaandika kwa herufi kubwa kama za chekechea, na taa ninazitengeneza kwa kupapasa. Anayeangalia ni Cikuru, mtu wa Kivu ya Kusini, anayekausha ndagala, dagaa wa ziwa hili, pale mwaloni, mitumbwi inapopakulia. Yeye anaangalia, mimi ninaandika. Chini ya ukurasa, penye neno Mwangalizi, ninaandika Uledi.

Leo amekuja baada ya misa yake, amelowa chapachapa. Komine, ofisi ya serikali ya hapa, inahesabu watu wa ng'ambo ya ziwa, na kila mmoja anatakiwa kuonyesha karatasi ya kazi.

"Baba Uledi, ndagala haina karatasi," akasema. "Uandike jina yangu kwa ule muzungu. Anitumie atestasio, ile karatasi ya kazi. Miye njo niko naona, si ni kazi?"

Nikamwambia: kesho.

Alhamisi, 10 Februari

Barua ya Bwana Roger, kurasa nne. Anasema nyota yetu, ambayo sisi tunaiita Pacha, ni mbili kweli, nasi tunaiona moja kwa sababu ya umbali. Moja ni ya kawaida. Ya pili ni kibete cheupe: nyota iliyomaliza kuwaka, ikajikunja hadi ikawa ndogo kama dunia hii, na uzito umebaki wa jua. Zinazungukana kwa dakika tisini na nane, kabla mtu hajatoka hapa kwa miguu akafika Kizuka. Kile kibete kinamvuta mwenzake na kumnyonya hewa yake. Sasa, anasema, kuna wataalamu wanaoanza kudhani kwamba kina sumaku kali, na ile hewa haiangukii popote tu, inafuata njia za sumaku hadi kwenye ncha zake mbili na kuwakia hapo.

Jioni nilimwonyesha Cikuru. Nilitoa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, nikainyunyizia unga wa chuma wa tupa yangu. Unga wote ukakimbilia kingoni, ukasimama kama nywele za paka aliyeona mbwa. Cikuru aliinama akatazama muda mrefu.

"Kwa hiyo ile ndogo haina kitu yake," akasema. "Mwangaza yote ni chakula ya mwenzake."

Nilimwambia ndivyo, nikamsifu kwa akili. Wala sikushtuka.

14 Februari

Giza zuri, mwezi mchanga. Tuliamka saa nane usiku. Pacha ni hafifu mno, Cikuru ameiona kwa shida. Nimeandika. Barua ya ombi lake bado.

20 Februari

Mawingu.

21 Februari

Mawingu. Kulthumu ana mafua na ni mkali.

Ijumaa, 3 Machi

Leo nimeletewa atestasio! Ya kwangu. Ina mhuri wa rangi ya zambarau, na imeandikwa kwa mashine: Bwana Uledi, wa Rumonge, Burundi, mwangalizi, kwa kazi aliyoifanya mwaka 1971. Nimeisoma mara sita kwa kioo cha kukuzia. Baada ya sala ya Ijumaa nikawaonyesha watu msikitini. Mzee Shafii akaniuliza kama sasa nitalipwa na Ulaya. Nikacheka tu, nikaacha waamini wanavyotaka.

Jumamosi, 4 Machi

Cikuru ameiona. Ingewezekanaje asiione, nami nimeibandika juu ya benchi langu la kazi?

Aliisoma yote, maana amesoma kwa mapadri. Hakufoka. Alisema tu, "Toka mwezi wa sita ni miye, baba."

Nikamjibu kwa sheria ya ziwa hili, ambayo hata yeye anaijua. Mwenye taa ndiye mwenye ndagala. Anaweza kulala kwake na blanketi mpaka masikioni, mitumbwi ikirudi asubuhi fungu la kwanza ni lake. Yule aliyeliona kundi la samaki anapewa ya mboga, anashukuru, anakwenda zake. Darubini ni yangu, basi nyota ni yangu. Niliyasema haya kwa sauti ya mtu mzima anayemfundisha mwenziwe adabu, na wallahi niliyaamini.

"Ndagala unakula, kesho inakwisha," akasema. "Jina hailiwi, baba."

Nikamwahidi tena. Safari hii nilisema: barua ya mwezi huu.

Kulthumu alikuwa anachambua mchele, kichwa chini. Cikuru alipoondoka akasema, "Wewe usiyetofautisha chumvi na sukari, mwangalizi wa nini?" Chai ya asubuhi niliitia chumvi, ni kweli, lakini haikuwa lazima aseme.

15 Machi

Mvua. Barua ya mwezi imekwenda. Jina langu.

Sababu ninaijua, niiandike basi. Nikimwambia Bwana Roger kwamba anayeona si Uledi bali Cikuru, ataniuliza tangu lini. Nikimwambia tangu lini, nitakuwa nimekiri uongo wa miezi tisa. Na labda atasema: basi darubini apewe huyo Cikuru. Mimi nitabaki fundi wa taa anayepapasa.

22 Machi

Mawingu.

2 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Bora, mkewe Cikuru, ametuletea sahani ya wali na mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga, na watoto wao wawili wamevaa viatu. Bora akamwuliza Kulthumu kama karatasi ya mumewe imefika. Kulthumu akanitazama mimi. Nikasema posta ya Ulaya inachelewa.

Jumanne, 11 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua ilikatika wakati wa magharibi, mbingu ikasafishika mpaka chini. Saa nne na nusu usiku tulikuwa uani. Ziwani taa zilikuwa nyingi, giza la mwezi, mitumbwi yote imetoka. Mimi nazijua taa zile kwa kuwa nimezitengeneza, ila kwa macho yangu sasa ni utepe mmoja mweupe kama maziwa. Cikuru alishika darubini, akaelekeza kwenye kundi la nyota la Nyoka wa Maji, akatafuta. Mimi nilikaa na saa, daftari na kibatari kilichofunikwa kitambaa chekundu.

Akaisogeza darubini kidogo, akairudisha palepale.

"Baba," akasema. "Iko inawaka."

"Ipi?"

"Pacha. Iko inawaka! Inapita ile jirani ya kushoto. Jana haikukuwa hivi."

Nyota hii haipimwi peke yake, inapimwa kwa majirani zake. Kuna ramani yenye nyota za pembeni, kila moja na tarakimu yake, na mtu anauliza: Pacha inamzidi nani, inazidiwa na nani? Nilimfanya apime mara tatu, kila mara nikimchanganya makusudi, nikitaja jirani asiye yeye. Mara tatu alirudi palepale: tisa nukta nane. Siku zote ni kumi na tatu, na kadiri tarakimu inavyoshuka ndivyo mwanga unavyozidi. Maana yake imeng'aa karibu mara ishirini kwa siku moja!

Miaka kumi ninaingoja. Bwana Roger aliwahi kuniambia kwamba mlipuko wake huja bila taarifa, ukakaa siku mbili tatu, ukaondoka, na kule Ulaya nyota hii iko chini sana kwenye upeo, hawaioni vizuri. Sisi ndio tunaoiona utosini.

Cikuru hakubanduka. Kila mara mwanga uliponywea kidogo, pale mwenzake anapopita mbele, alinong'ona "sasa," nami nikaandika saa. Kunywea, dakika tisini na nane, kunywea tena. Saa tisa usiku alikuwa anacheka peke yake, jicho bado kwenye kioo, machozi yanamtoka kwa uchovu. "Asante, Mungu, asante," anasema. Sijawahi kumwona mtu mwenye furaha namna ile, na hata mimi nisiyeona kitu nilicheka naye.

Kisha nikafika chini ya ukurasa. Mwangalizi. Nikaandika Uledi. Sikufikiri hata kidogo, kalamu ilikuwa imezoea njia.

Jumatano, 12 Aprili

Nimepeleka telegramu Bujumbura kwa gari la asubuhi, na barua nyuma yake.

Saa sita Cikuru amekuja na ndagala kavu, kikapu kizima, zile safi zisizo na mchanga. Akaziweka miguuni pangu kwa mikono miwili.

"Umeandika, baba?"

"Nimeandika," nikasema.

Ndiyo, niliandika. Nini, sikusema. Akanishika mkono, akasema "murakoze" mara mbili, asante ya Kirundi, ile ya heshima, akakimbia kumwambia Bora.

Kulthumu hajapika zile ndagala. Amezifunga ndani ya gunia, amesema hazimpiti kooni.

Jumatano, 26 Aprili

Maulidi yalisomwa jana usiku. Mwalimu alizungumza juu ya amana. Nilirudi nikaanza barua ya kweli kwa Bwana Roger. "Kuanzia mwezi wa sita mwaka jana macho yaliyoona si yangu." Nikaisoma, nikaona inavyonivua nguo, nikaichana. Nitaandika nyingine wiki ijayo, kwa maneno mazuri zaidi.

Jumamosi, 29 Aprili

Mbalamwezi, wavuvi hawakutoka. Jioni imesikika milio upande wa barabara. Si radi.

30 Aprili

Nyumba zinaungua. Tumelala chini ya kitanda.

2 Mei

Sitaandika nani amemfanyia nani. Daftari huokotwa. Wamekufa watu niliowatengenezea taa.

5 Mei

Askari wamefika. Kulthumu ameifunga darubini kwa mkeka na kuizika chini ya banda la kuku, maana mrija wake unafanana na kitu kingine.

7 Mei

Mvua. Hakuna soko.

Jumapili, 21 Mei

Siku kumi na mbili nimeshindwa. Leo ninaandika, na atakayeliokota daftari aliokote.

Jumanne ile, tarehe tisa, wanaume wote wa mtaa wetu tuliitwa kwenye kiwanja cha soko. Tuliketi chini kwa mistari, mikono magotini, jua la baada ya mvua linatuchoma shingo. Askari mmoja alipita akikagua karatasi. Mwenye karatasi ya kueleweka alisimamishwa kando. Wengine walielekezwa kwenye kamio, lori la jeshi.

Mimi nilikuwa na ile atestasio mfukoni, nimeifunga kwenye nailoni. Aliifungua, akautazama mhuri wa zambarau.

"Mwangalizi. Wa nini?"

"Wa nyota, shefu. Kama wale wa hali ya hewa. Ninaandikia Ulaya."

Aliisoma tena, akanitazama macho yangu yenye ukungu. Sijui kama alielewa. Akasema, "Simama kule." Nikasimama.

Cikuru alikuwa wa tatu baada yangu. Alikuwa na kadi yake ya Kongo tu, na siku hizi mtu wa Kongo ni mshukiwa hata kabla hajafungua mdomo. Akasema kwa heshima, bila kutetemeka, "Niko nafanya kazi na baba ule pale. Ile kazi ya kwa karatasi yake."

Askari akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, shefu."

Hilo nililisema. Mungu ni shahidi kwamba nililisema.

Akaja, akaichukua tena karatasi mkononi mwangu, akapitisha kidole kwenye kila mstari. "Jina lake liko wapi?"

"Hapo halipo."

Cikuru akasema, si kwa askari, kwangu mimi: "Na ile ya mwezi wa ine, baba? Si uliandika?"

Ningeweza kusema ndiyo, barua iko njiani, jina lake limo. Uongo niliuzoea miezi kumi na mmoja, na siku ile ambapo uongo ungekuwa thawabu, ulimi ulinigandia. Nilinyamaza, nikaangalia chini. Kwa kunyamaza kwangu Cikuru akajua. Sikuuona uso wake vizuri, kwa macho yangu haya, lakini nilisikia alivyovuta pumzi, kama mtu aliyekanyaga maji ya baridi.

"Basi si kazi yake," askari akasema.

Walimpandisha kwenye kamio. Watu walikuwa wengi. Kamio ikaenda, na hakuna hata mmoja aliyerudi mpaka leo.

Nilirudi nyumbani kwa miguu yangu, nikala, nikalala. Hilo ndilo nisilolisahau: kwamba nililala.

24 Mei

Bora amekuja kuuliza kama nimesikia habari. Nimesema sijasikia.

27 Mei

Bora amekuja.

30 Mei

Bora amekuja. Kulthumu ameniambia, "Mwambie au nitamwambia mimi." Nimesema kesho. Neno hilo likanitoka kinywani nikalisikia kama la mtu mwingine.

5 Juni

Mvua zimekwisha. Upepo wa kiangazi umeanza kutoka kusini, mbingu safi kila usiku, na hakuna wa kuiangalia.

Jumamosi, 17 Juni

Posta imefunguliwa. Bahasha nene kutoka kwa Bwana Roger. Ndani mna jarida la chama chao, limepigwa chapa, na ukurasa wa tatu kuna mchoro wa mlipuko wa Aprili, nukta moja moja, na kila nukta ni jicho la Cikuru. Pale pa kunywea na kuinuka, dakika tisini na nane, wamechora mstari kwa wino. Chini imeandikwa: Uledi, Rumonge, wa kwanza kuuona. Bwana Roger ameongeza kwa mkono wake kwamba hajawahi kupata kazi safi namna hiyo, na kwamba wenzake wameniinulia bilauri.

Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na mimi niliona ni maneno ya kuwatisha watoto. Kibete cheupe ni mimi. Nilikwisha kuwaka zamani, na mwanga wote ulioandikwa pale ni wa mtu niliyemnyonya. Nilimweleza mwenyewe kwa sumaku na unga wa chuma, naye akanielewa kabla yangu.

Usiku nimeandika barua ya kweli, kurasa tano. Sikuyatafuta maneno mazuri. Kulthumu ameifunga mwenyewe na kuiweka kifuani mwake mpaka Jumatatu, kwa sababu haniamini, na ana haki.

Jumatatu, 19 Juni

Asubuhi barua imekwenda. Kulthumu alisimama dirishani pa posta mpaka mhuri ukapigwa.

Saa kumi Bora amekuja kuaga. Amepata nafasi kwenye mtumbwi wa ndugu zake, leo wanavuka kwenda ng'ambo na watoto. Alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka. Nikamwambia aketi. Nikamwambia yote: mwezi wa sita, mwezi wa pili, kikapu cha ndagala, kiwanja cha soko, alichoniuliza mumewe na jinsi nilivyonyamaza. Nikampa jarida aone.

Hakulia. Alipitisha kidole kwenye zile nukta, moja baada ya moja, mpaka mwisho wa mstari.

"Hii yote ni yeye?"

"Yote."

"Alikuwa anarudia nyumbani asubuhi anatuamusha," akasema. "Anatuambia vile ilikuwa inawaka. Mutoto anamuuliza, papa, na jina yako itafika Ulaya? Anasema, imekwisha kufika."

Nikalia mimi. Nilimwomba radhi, nikapiga magoti, mimi mtu mzima wa miaka hamsini na tano. Bora alilikunja jarida. Hakusema amesamehe, wala hakusema hajasamehe. Kulthumu alikuja akaketi upande wake, si upande wangu.

"Niandikie ile karatasi, baba," Bora akasema mwishoni. "Ile aliomba. Hata ya mukono. Watoto wangu watakomaa kule, watu watawauliza baba yenu alikuwa nani."

Nikachukua karatasi nzuri, ile ya barua za Ulaya. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba Cikuru, wa Rumonge, ndiye aliyeiangalia nyota ya Pacha tangu Juni 1971, kwamba ndiye wa kwanza duniani kuuona mlipuko wa Aprili, na kwamba kila kilichoandikwa kwa jina la Uledi ni chake. Nikatia sahihi, na Kulthumu akatia yake kuwa shahidi. Bora akaisoma yote mwenyewe, polepole, midomo ikichezacheza.

Ikabaki tarehe. Nikamwambia nitaandika tarehe sita Februari, siku ile aliyoniomba kwa mara ya kwanza, ili ionekane aliipata akiwa hai, akiwa nayo mfukoni. Nilidhani ninamfanyia wema.

Bora akaweka mkono juu ya karatasi.

"Hapana, baba," akasema. "Andika ya leo. Watoto wajue siku uliandika."

Nikaandika: Rumonge, 19 Juni 1972.